Mkia wa Ginja

Vale de Urzes, 3 Machi 1968

Shemeji Leonilde,

Tangu nizaliwe sijawahi kukosea mbwa. Nikimtupia jicho mara moja tu nakwambia umri wake, tabia ya mama yake, na kama atasimama au atakimbia siku mbwamwitu akitokea. Uliza kuanzia hapa kijijini mpaka Manteigas. Watakwambia, jicho la Evaristo Quaresma halijawahi kumwaibisha.

Haya, umeshacheka. Najua umecheka, kwa sababu ulikuwepo siku ya gulio la Gouveia, miaka kumi na tisa iliyopita, nilipompeleka Turco wangu huku nikiwatangazia watu kwamba mlima huu haujazaa mbwa kama yeye. Porfírio Cabaço akaja, akamzunguka. Kisha akamwinua mkia mbele ya umati. Ukawa umenyooka kama mpini wa jembe, na ncha yake haina kikulabu hata cha dawa, wakati hata mtoto mchanga wa huku anajua mbwa halisi wa mlima huu wa Estrela ncha ya mkia wake hujikunja kama ndoano. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Evaristo, huyu ni mbwa au paka?"

Basi, nimekosea mara moja. Tangu siku hiyo sijasema na Porfírio. Kanisani yeye anakaa upande wa Mtakatifu Antonio, mimi upande wa Bikira, na padri akihubiri habari ya kusameheana mimi nashikwa na kikohozi.

Sasa unaniomba nikutafutie mtoto wa mbwa wa damu safi. Nimeuliza huku na huku. Mwaka huu mbwa aliyezaa ni mmoja tu, Serrana, na Serrana ni wa nani? Wa Porfírio. Amezaa saba. Niambie unataka mbwa wa namna gani, nami nitaiuliza miguu yangu kama bado inaikumbuka njia ya kwake. Gracinda angekuwa hai angesema, vaa kofia uende. Dada yako hayupo, lakini kofia ninayo.

Mimi shemeji yako,
Evaristo


Cimo da Lapa, 11 Machi 1968

Shemeji Evaristo,

Nimecheka, ndiyo. Sasa na wewe acha kuchekesha, unisikilize.

Januari hii mbwamwitu wamenilia kondoo kumi na mmoja. Si usiku, mchana, ukungu ukiwa umekaa juu ya mlima wa Montemuro mpaka huoni mkono wako. Nero wangu alipigana peke yake, amebaki na jicho moja. Mwanangu Adriano akaja kutoka Porto, akawaona waliobaki, akamwona Nero, kisha akaniona mimi. Nimempa neno langu: majira ya baridi yajayo, mbwamwitu akichukua kondoo hata mmoja, nauza wote na kwenda kukaa kwake. Ghorofa ya nne, shemeji. Anasema kuna kibaraza cha kuweka chungu cha maua. Mimi nina miaka sitini na nane na sijawahi kuamka mahali ambapo sisikii kengele za kondoo.

Kwa hiyo nataka mbwa jike, madume yanazurura. Umpime mwenyewe kwa mkono, kisha uniandikie kimoja kimoja: kichwa, kinywa, kifua, miguu, mkia. Huku Montemuro mbwa wameshachanganyika, hakuna wa kumwuliza, nakutegemea wewe. Na kama ni Porfírio, basi ni Porfírio. Kiburi chako hakichungi kondoo.

Leonilde


Vale de Urzes, 25 Machi 1968

Shemeji Leonilde,

Kazi imekwisha. Anakuja Jumamosi na gari la jibini la Amílcar, ndani ya kikapu chenye majani makavu. Usimpe maziwa ya moto, ataharisha.

Umetaka kimoja kimoja, haya. Kichwa kizito, kipana kati ya masikio, na paji lake linateremka taratibu mpaka puani, halina ngazi kama la hawa mbwa wa wenye magari. Masikio madogo, yamelala nyuma, mbwamwitu hana pa kushika. Nimemfungua kinywa: kaakaa jeusi kama sufuria ya mjane (usikasirike), midomo myeusi, meno ya juu yanapita mbele ya ya chini kama mkasi. Macho rangi ya asali ya msituni. Hayakunikwepa. Yalinitazama kama ulivyonitazama wewe siku nilipokuja kuposa kwenu. Shingo fupi, nene, na manyoya yameshaanza kuizunguka kama skafu. Kifua kimeshuka mpaka usawa wa viwiko. Nimepitisha ngumi kati ya miguu yake ya mbele na nafasi ikabaki. Mfupa wa mguu mnene, umenyooka. Nyayo zimefumba vizuri, hazikuchanua kama za bata. Mgongo mfupi, haujabonyea. Miguu ya nyuma ina ule ukucha wa ziada, kulia na kushoto. Na manyoya yake ukiyashika utadhani ni ya mbuzi, magumu juu, sufu laini chini. Mvua itamteleza.

Nimekuwekea kikapuni ile kola ya miiba ya chuma ya Turco. Akikomaa mfunge.

Wino unakwisha na mkono unaniuma. Ukitaka kumpiga picha siku moja, apigwe kwa mbele. Uzuri wa mbwa uko usoni.

Evaristo


Cimo da Lapa, 2 Aprili 1968

Shemeji Evaristo,

Umeandika kila kitu kuanzia puani mpaka ukuchani. Kuna kitu kimoja nilikitaja na hukukigusa. Nikadhani kweli wino ulikwisha, mpaka nilipofungua kikapu.

Mkia wake umenyooka kama mshumaa wa Pasaka.

Nilimtoa nje mbele ya majirani, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu, mjinga mimi, kwamba naletewa mbwa wa Estrela aliyechaguliwa na shemeji yangu. Belmiro wa nyumba ya chini akamwinua, akamgeuza, akaniuliza kama nimenunuliwa mbwa au ufagio. Nikaingia ndani na kikapu changu.

Sikudai mengi. Niambie, Porfírio amekulaghai wewe, au wewe ndiye umenilaghai mimi? Sitaki mzaha katika barua yako. Januari inakuja, na huku kuna watu wanaoisubiri kwa meno.

Leonilde


Vale de Urzes, 7 Aprili 1968

Shemeji,

Hakuna mzaha. Nitaandika kama ninavyoungama, tena zaidi, maana padri huwa namficha kidogo.

Desturi yetu unaijua. Mbwa unayemtaka humtazami. Unamsifu yule usiyemtaka, unamponda yule unayemtaka, mwenye mbwa anakata tamaa, na mwisho unaondoka na wako kwa bei ya huruma. Marehemu baba yako alimnunua punda wake hivyo. Na kama tunaungama, tuungame: hata Gracinda nilimpata hivyo. Mwezi mzima nilikaa jikoni kwenu nikikusifu wewe.

Basi nilifika kwa Porfírio. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, na watu watatu wa kilabuni walikuwa wamenifuata kwa nyuma wakijidai wanatafuta mbuzi aliyepotea. Hatukusalimiana. Mimi nilimsalimia Serrana. Watoto saba. Niliyemtaka nilimwona palepale: jike wa manjano, mkia kama mundu, na ncha imejikunja kama fimbo ya askofu. Nikageuza uso haraka. Nyuma kabisa, amefichwa na tumbo la mama yake, kulikuwa na huyu wako. Nikauona mkia. Ulikuwa mkia wa Turco, shemeji. Ule ule. Nikasema moyoni, huyu hapa hakuna anayemtaka hata bure. Ndiye wa kumsifu.

Sasa Porfírio ni mbweha mzee, sifa za juujuu hazimwingii. Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamshika yule mtoto, nikaanza kichwani, nikashuka mfupa kwa mfupa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Sijawahi kudanganya vizuri namna hiyo maishani mwangu. Nikamaliza nikasema, "Huyu ndiye. Waliobaki ni manyoya tu."

Porfírio alimtazama yule mtoto, kisha mimi. Nikadhani atacheka. Akainuka, akamnyanyua kwa ngozi ya shingo, akaja akamtia ndani ya joho langu, hapa kifuani. Akasema: "Kama umemwona, mchukue."

Na kwetu kilichoingia ndani ya joho hakirudi. Watu watatu wanatazama. Ningesema nini, kwamba nilikuwa naongopa? Kwa Porfírio, baada ya miaka kumi na tisa? Nikafunga joho, nikaondoka. Maneno niliyokuandikia ni yale yale ya uongo niliyoyasema nikiwa nimepiga magoti. Sikumpima. Nilikuwa naropoka tu, mkono ukiwa juu yake.

Hili ndilo nililofanya, na kondoo ni wako. Mrudishe na Amílcar. Nitakwenda tena kwa Porfírio, kofia mkononi, na wale watatu nitawaita mwenyewe waje kusikia. Nitasema nilidanganya, nitamwomba yule wa manjano. Sitaomba upande wa Bikira wala wa Antonio, nitaomba mlangoni kwake. Kofia nimeshaitoa msumarini, iko hapa mezani nikikuandikia.

Evaristo


Cimo da Lapa, 15 Aprili 1968

Shemeji Evaristo,

Rudisha kofia msumarini.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika nikaenda kukamua. Niliporudi nilikuwa bado nimekasirika, lakini nikaichukua ile barua ya Machi, nikampandisha mbwa juu ya meza, nikaanza kusoma na kidole changu kikifuata. Paji: linateremka. Kaakaa: jeusi, ingawa sufuria zangu mimi nazisugua. Ngumi yangu ni ndogo kuliko yako, nafasi ikabaki zaidi. Mgongo, ukucha, nyayo, yote yapo. Nikamaliza barua nikarudia tangu juu.

Keshoye daktari wa mifugo alikuja kumtazama ng'ombe wa Belmiro. Nikampa barua yako bila kumwambia ni ya nani. Aliisoma amesimama, akampapasa mbwa kote, akaniambia aliyeandika hivi amekaa na mbwa miaka mingi. Akaongeza kwamba amesahau mkia tu.

Amebaki. Nimemwita Ginja, kwa ile pombe ya matunda ambayo dada yangu alikuwa anakuficha nyuma ya gunia la unga. Ana rangi ile ile. Lakini usijivune bado. Barua haijazuia mbwamwitu, na kifua chake bado ni cha mtoto. Tusubiri Januari.

Kuhusu ule mwezi wa kunisifu jikoni, nilikuwa na miaka thelathini na moja na niliziamini sifa zako zote. Tutalizungumza tukikutana, na usije bila soseji.

Leonilde


Cimo da Lapa, 30 Januari 1969

Shemeji Evaristo,

Nimekaa kimya kwa makusudi. Sikutaka kukuandikia jambo nusu.

Walishuka Jumanne, tarehe kumi na nne, saa sita mchana. Adriano alikuwa hapa. Alikuja na karatasi ya mnunuzi mfukoni, tayari kwa kutia saini, akisema anaiacha tu mezani isubiri. Tulikuwa na kondoo upande wa machimbo ya zamani. Ukungu ukafunga. Nero akabweka, kisha kengele zote zikalia kwa pamoja, na hapo ndipo nilipojua.

Ginja hakubweka. Nilimwona kwa sababu alikuwa karibu nami, akapita mguuni pangu akaenda kusimama kati ya kondoo na ukungu, miguu ya mbele ameitanua, kifua mbele. Walikuwa wawili. Mmoja alimjia kwa mbele na mwingine akazunguka, ndivyo walivyomfanya Nero mwaka jana. Hakudanganyika. Hakumfukuza wa mbele. Alimngoja wa pembeni mpaka akawa karibu kabisa, akamgonga kwa kifua, akambiringisha kwenye mawe. Yule wa kwanza akamrukia shingoni. Nilisikia mlio, nikafumba macho, shemeji, nasema kweli, nilifumba. Nilipofumbua mbwamwitu alikuwa anakwenda zake na mdomo unavuja. Aliuma kola ya Turco.

Tuliwahesabu mara mbili, mimi kutoka huku na Adriano kutoka kule. Thelathini na wanne. Wote.

Ginja ana mchaniko begani, umeshonwa, anakula. Tulipofika nyumbani Adriano alimtazama sana pale karibu na moto. Akasema, "Mama, lakini huyu ana mkia mbaya."

Nikamjibu, "Ndiyo. Nitajie kingine."

Alimzunguka mara mbili. Kisha akaichukua karatasi yake mezani na kuitia motoni, akaomba supu.

Nilimwandikia Porfírio kumshukuru, maana mbwa ametoka tumboni mwa Serrana wake. Amenijibu. Amenisihi nisikuambie alichosema. Sikuambii, nakutumia barua yenyewe ujisomee.

Leonilde


Vale de Urzes, 24 Januari 1969

Bibi Leonilde,

Mimi si mtu wa barua. Nimefurahi kwamba jike yuko salama.

Yule wa mkia nilikuwa nimemficha nyuma ya mama yake ili abaki kwangu. Sikumwonyesha mtu. Watu wote husifu wasiyemtaka, hata mimi nafanya hivyo, nawe usiwaamini. Lakini mtu haongopi mfupa kwa mfupa. Evaristo alipiga magoti penye matope akamtaja mbwa yule kama ninavyomjua mimi niliyemzalisha. Mkia hakuutazama hata mara moja. Nikaona amenipata. Ningemnyimaje?

Turco naye alikuwa mbwa mzuri. Nilijua hivyo siku ile, kabla sijamwinua mkia. Usimwambie.

Porfírio Cabaço


Vale de Urzes, 6 Februari 1969

Shemeji Leonilde,

Barua ya Porfírio nimeisoma mara nne kimyakimya, ya tano kwa sauti, Gracinda asikie huko aliko. Nilikwambia au sikukwambia? Sijawahi kukosea mbwa. Hata nikijitahidi kukosea, mkono unakataa. Kinywa kinaropoka uongo na mkono unaimba kweli chini yake. Nitajie mtu mwingine katika mlima huu anayeongopa akapatia.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kilabuni na kukaa meza ya Porfírio. Watu wakaacha karata. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Yule wa Montemuro?" Nikasema, "Thelathini na wanne." Akasukuma jagi la mvinyo upande wangu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka ishirini, na yalitosha. Nikammiminia na yeye, ila nilimpa ule wa chini wenye machicha, asije akadhani ninaumwa.

Habari ya Turco sikuigusa, kwa kuwa sijaambiwa. Lakini niliporudi nilipita pale nyuma ya zizi nilikomzika, nikaondoa majani. Pale nilisimama kidogo zaidi ya nilivyotaka. Mbwa wangu alikuwa mzuri, Leonilde. Miaka yote hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni paka.

Kuna mambo mawili. La kwanza, Porfírio asijue kamwe kwamba nilikuwa naongopa. Mwache afe akijua nina jicho, na mimi nife nikijua anajua. Kwa umri wetu haitachukua muda.

La pili ni deni lako. Usijifanye umesahau. Siku ya harusi yangu nilikuvusha mto Mondego mgongoni kwa sababu ya viatu vyako vipya, bi harusi akavuka kwa miguu yake mwenyewe, gauni ameliinua mpaka magotini, akaninunia hadi Krismasi. Wewe ukashuka mgongoni ukasema, "Nitakulipa, shemeji." Hiyo ni 1932. Sijawahi kukukumbusha, nimekuwa muungwana, lakini sasa nalitaka.

Castro Daire kuna mpiga picha. Mpeleke Ginja bega likipona, umfunge kola ya Turco. Msumari nimeshaupigilia kilabuni, ukutani, mkabala na kiti cha Porfírio. Zamani nilikwambia apigwe kwa mbele. Sahau hilo. Apigwe ubavuni, shemeji, amesimama, na mkia uonekane wote mpaka ncha.

Evaristo